Ini Lenye Mafuta na Vijiwe vya Figo

Askari ashikwapo na maumivu makali ya ubavuni yashukayo hadi kinenani, mara nyingi daktari humwambia kwamba ana vijiwe vya figo. Arudipo nyumbani, majirani humshauri mkewe aache kupika mchicha kwa kuwa una oksaleti. Mchicha huachwa, na baada ya muda vijiwe hurudi. Hapo lawama humwangukia mama wa jikoni, ilhali huenda kosa halimo chunguni.

Ni kweli kwamba vijiwe vingi vya figo hufanyika oksaleti inapokutana na kalsiamu katika mkojo, vikagandamana. Ni kweli pia kwamba mchicha na karanga huleta oksaleti. Lakini sehemu kubwa ya oksaleti ipatikanayo katika mkojo hutengenezwa na mwili wenyewe, na karakana yake ni ini.

Mwili hubomoa na kujenga upya kolajeni, ile protini ya ngozi, mifupa na kano. Katika kubomolewa huko hupatikana haidroksiprolini, nayo ikivunjwa hutoa glioksileti. Glioksileti ikifika hapo imesimama penye njia panda. Ini lina kimeng'enya ambacho wataalamu hukiita AGT kwa kifupi. Hicho ndicho mlinzi wa njia: huigeuza glioksileti kuwa glisini, kitu chenye manufaa. Ile inayomponyoka mlinzi huweza kugeuka kuwa oksaleti. Mwili wa binadamu hauwezi kuivunja oksaleti. Hauna budi kuitoa nje, na mzigo huo hubebwa hasa na figo.

Ini likijaa mafuta, mlinzi huyo hudhoofika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulilionyesha jambo hilo katika chembe za ini za panya na za binadamu. Katika chembe zilizojaa mafuta, maagizo ya urithi ya kutengeneza kimeng'enya hicho yalikutwa yamewekewa alama za kikemikali kupita kawaida, mfano wa faili lililofungiwa kabatini: maagizo yamo, ila hayasomwi ipasavyo. Chembe hizo za panya zilipopewa haidroksiprolini, zilitoa oksaleti nyingi kuliko chembe zenye afya. Ziliporudishiwa kimeng'enya, oksaleti ilipungua. Tena, miongoni mwa vijana wenye ugonjwa huo, kadiri mafuta yalivyozidi katika ini ndivyo oksaleti ilivyozidi katika mkojo.

Haina maana kwamba kila mwenye mafuta katika ini atapata vijiwe. Lakini hatari yake huongezeka, na madhara si maumivu tu, maana figo zikidhurika kwa muda mrefu huweza kushindwa kazi. Nao ugonjwa wa ini huja kimya. Humpata hata asiyeonja pombe, hasa mwenye kitambi au kisukari.

Kwa hiyo dawa haianzii kwenye mchicha peke yake. Mtu mnene mwenye kilo 100 akipunguza kilo 5, mafuta ya ini huanza kupungua. Akifikia 7 hadi 10, nafuu huwa kubwa zaidi. Vinywaji vya sukari na vyakula vya kukaangwa vipunguzwe, na mazoezi ya asubuhi yasiachwe kwa sababu mtu amepata cheo cha kukaa ofisini. Mwenye vijiwe ashauriwapo na daktari hunywa maji ya kumwezesha kutoa mkojo wa lita 2 na nusu kwa siku. Maziwa asiyaogope, kwani kalsiamu ya chakula huikamata oksaleti tumboni kabla haijaingia katika damu. Vidonge vya vitamini C kwa wingi visimezwe ovyo, kwa sababu ziada yake nayo hugeuka oksaleti.

Jamaa itakayoyafuata hayo itakuwa imemtunza mlinzi wa ini, naye atazipunguzia figo mzigo wao.