Chimbuko la binadamu: mifupa inasema nini, na wapi imenyamaza

Mwaka 1961 wachimba madini wa Jebel Irhoud, Morocco, walikuta fuvu la mtu wa kale. Kwa muda mrefu lilidhaniwa kuwa la Neanderthal wa miaka 40,000 hivi iliyopita. Ilipofika 2017, timu ya Jean-Jacques Hublin na Abdelouahed Ben-Ncer ikatangaza kwamba mifupa ya pale ina takriban miaka 300,000, na kwamba ni ya Homo sapiens, yaani sisi.

Umri huo ulipatikana kwenye mawe ya gumegume yaliyoungua motoni. Jiwe likishaungua huanza upya kukusanya nishati ya mionzi ya ardhini. Likipashwa moto maabara, nishati hiyo hutoka kama mwanga. Mwanga ukiwa mwingi, miaka nayo ni mingi.

Hapo ndipo ubishi ulipoanza. Uso na meno ya watu wa Irhoud vinafanana na vyetu, lakini kichwa kimerefuka kwenda nyuma, hakina uduara wa kwetu. Baadhi ya wataalamu wanaona ni mapema mno kuwaita Homo sapiens. Hao huelekeza macho Omo Kibish, kusini mwa Ethiopia, kwenye mifupa iliyofukuliwa 1967 ambayo ilikadiriwa kuwa na miaka 195,000. Mwaka 2022 majivu yaliyolala juu yake yalilinganishwa kikemia na ya mlipuko wa volkano ya Shala, wa miaka kama 233,000 iliyopita. Kilicho chini kilitangulia, hivyo mtu wa Omo ni mkongwe kuliko mlipuko huo.

Naona tunakosea tukiligeuza jambo hili mashindano ya Morocco na Ethiopia. Bonde la Ufa lina mifupa mingi kwa sababu majivu na tope la maziwa viliifunika upesi, kisha mmomonyoko ukaifichua. Udongo wa misitu ya Kongo una tindikali, na mfupa huliwa kabla haujageuka kisukuku. Kukosekana kwa fuvu huko si ushahidi kwamba hapakuwa na watu.

Vinasaba navyo vinaashiria kwamba chimbuko letu si mahali pamoja tu. Utafiti wa 2023, uliohusisha Wanama wa kusini mwa Afrika, uliona dalili za angalau makundi mawili yaliyoishi mbalimbali barani Afrika na kuchanganya damu kwa mamia ya maelfu ya miaka. Kwa picha hiyo, Irhoud na Omo wote wanaweza kuwa ndugu wa ukoo mmoja mpana, na sehemu kubwa ya ukoo huo haijawahi kufukuliwa.