Jinsi Tulivyojenga Tela ya Kulala Safarini

Wengi wameniuliza habari za kile kitu kilichofunikwa turubai la kijani nyuma ya karakana ya useremala. Wadogo wa kidato cha kwanza walisema ni jeneza la mtu mrefu. Mpishi wetu alidhani ni banda la kuku, akauliza kuku watakuja lini. Basi nimeona yafaa nieleze. Kile ni tela ndogo ya kuvutwa na baiskeli, ambayo mtu mmoja aweza kulala ndani yake usiku. Kiswahili changu nilikiokota sokoni Kamembe na kwa watu wa Bukavu wavukao daraja la Rusizi kila asubuhi, kwa hiyo mtu wa Unguja akisoma haya asinicheke sana.

Shauri lenyewe lilianza wakati wa kiangazi cha mwaka jana. Mnajua kwamba ile njia ya wapanda baiskeli na waendao kwa miguu, iitwayo Njia ya Kongo na Nili, yatoka Rubavu, yafuata Ziwa Kivu kwa kilometa 227, na kuishia huku kwetu Rusizi. Siku moja nilikuwa Kamembe nikanunue misumari, nikaona wageni wawili wamefika wamejaa vumbi, na mmoja wao alivuta kigari cha magurudumu mawili kilichobeba hema na sufuria. Nilikizunguka kile kigari mara tatu. Nikajiambia, kama chaweza kubeba hema, kwa nini kisiwe hema chenyewe?

Baadaye nilisoma kwamba wazo hilo si geni. Mwaka 1885 daktari mmoja wa Uingereza, Gordon Stables, alijengewa gari la kulala safarini, akaliita The Wanderer, nalo lilivutwa na farasi wawili. Katika miaka ya 1930 Wamarekani wakaanza kujijengea nyumbani matela madogo ya kuvutwa na motokaa, yenye umbo la tone la maji, ambamo watu wawili hulala na chakula hupikwa nyuma kwa kufunua kifuniko. Wengi walipima kila kitu kwa ubao wa plaiwudi, ambao huuzwa wa sentimeta 122 kwa 244, ili wasitupe vipande vingi. Jambo hilo nililisoma, nikalipuuza, nikaja kulijutia.

Darasa letu lilichanga faranga 500 kila mtu, nasi tu watu 46, ndiyo faranga 23,000. Kaka zetu wawili walio mafundi mjini walitupa vipande vya bomba la chuma. Tela ya kwanza niliichora mimi, na makosa yake yote ni yangu. Nilitaka nyumba hasa. Nikaweka sakafu ya mbao za msonobari za unene wa sentimeta 2, kuta za mbao zile zile zilizofika kiunoni, paa la bati, na fremu ya mkaratusi. Ilikuwa nzuri kuitazama. Tulipoipima kwenye mizani ya ghala la kahawa ilikuwa kilo 71, kabla hatujaweka hata blanketi.

Hapa nataka mnifuate katika hesabu, maana ndiyo kiini cha jambo zima. Barabara ikipanda mita 6 katika kila mita 100, nguvu ya kukivuta kitu juu yake ni kama sehemu 6 katika 100 za uzito wake, mbali na ukinzani wa matairi. Mimi na baiskeli yangu ni kilo 78. Nikiwa peke yangu, mlima huo wanidai nguvu ya kilo 4.7. Nikivuta tela ya kilo 71 na mizigo ya kilo 16, jumla ni kilo 165, na mlima wanidai karibu kilo 10, yaani zaidi ya maradufu. Kwenye tambarare za Bugarama labda ningeweza. Lakini wapi katika Cyangugu penye tambarare ya kutosha? Nilipanda mita kama mia mbili kutoka lango la shule, nikashuka, nikasukuma. Watoto waliokuwa wakichota maji walinisaidia, wakaimba.

Kupanda kulinichosha tu. Kurudi ndiko kulikotuletea balaa. Sikujua kupanga mizigo, nikaweka sufuria, mchele na dumu la maji nyuma kabisa, karibu na mlango. Rafiki yangu akaomba aiteremshe yeye. Alipoanza kupata mwendo, tela ikaanza kwenda kulia na kushoto, kwanza kidogo kama mtu anayekataa kwa kichwa, kisha kwa nguvu, hata ikaipinda baiskeli na kumtupa mtaroni. Mungu alimnusuru, alichubuka mikono na goti, akatokwa na damu nyingi. Mhimili wa gurudumu moja ulipinda kama mundu. Bwana mwalimu wetu wa fizikia alikuja, akatazama, hakunigombeza. Alisema tu kwamba tela haitatoka tena langoni mpaka nimweleze kwa maandishi kwa nini ilifanya vile. Maneno hayo yaliniuma kuliko fimbo.

Nikajaribu kwa tela ndogo ya kuchezea iliyotengenezwa kwa kiberiti na vifuniko vya soda, juu ya ubao ulioinamishwa. Ukiweka jiwe mbele ya mhimili, tela hufuata sawasawa. Ukiweka jiwe lile lile nyuma, tela huyumba. Sababu yake ni hii: mzigo ulio nyuma ya magurudumu huinua mkono wa tela, na tela ikisukumwa kidogo upande mmoja, uzito ule wa nyuma huendelea kwenda upande huo na kuzidisha kosa badala ya kulirekebisha. Kwa hiyo mizigo mizito hukaa mbele kidogo ya mhimili, na mkono wa tela ulale juu ya baiskeli kwa uzito mdogo, kilo tatu au nne kwa tela kama yetu. Ukizidisha nako ni kosa, utalivunja gurudumu la nyuma la baiskeli.

Jambo la mhimili nilifundishwa na mzee mmoja fundi wa baiskeli pale Kamembe. Nilimpelekea ule uliopinda. “Kijana wangu,” akasema, “gurudumu la baiskeli lazoea kushikwa pande mbili. Wewe umelishika upande mmoja kama kikombe.” Basi katika tela ya pili kila gurudumu limekaa kati ya vyuma viwili, ndani na nje. Tulitumia magurudumu madogo ya inchi 20, ili sakafu iwe chini, sentimeta 32 tu kutoka ardhini. Tela iliyo chini haipinduki upesi kwenye kona.

Tela ya pili ndiyo hii iliyo chini ya turubai. Fremu ni bomba la chuma la mraba, jembamba. Sakafu ni plaiwudi ya milimeta 6, urefu sentimeta 200, upana 75. Kuta ni za sentimeta 20 tu, plaiwudi ya milimeta 4. Juu hakuna paa, kuna pinde tano za mianzi iliyopasuliwa, na turubai limevutwa juu yake. Mhimili uko sentimeta 10 nyuma ya katikati. Kwenye pembe nne kuna miguu ya kukunjwa, maana usipoiteremsha, ukiketi mlangoni kuvua viatu utajikuta miguu juu. Hili lilimpata mtu ninayemjua sana. Uzito wote ni kilo 29. Kwa mizigo ile ile, mlima ule ule sasa wanidai kilo 7.4. Si kidogo, lakini waweza kupandwa na mtu aliyekula.

Kiungo na baiskeli kiko chini, karibu na mhimili wa gurudumu la nyuma, wala si chini ya kiti. Kikiwa juu, tela humsukuma mpandaji mgongoni anapofunga breki. Kiungo chenyewe ni kipande cha mpira mnene wa tairi la lori kilichobanwa kwa bolti mbili, kinapinda pande zote. Pembeni kuna mnyororo, ili mpira ukikatika tela isiende zake peke yake.

Sasa breki, ambayo ndiyo bwana mwalimu aliyoniuliza zaidi. Kamembe iko karibu mita 1,580 juu ya bahari, na bonde la Rusizi kule Bugarama, mahali pa chini kuliko pote Rwanda, ni kama mita 950. Ukishuka mita 600 ukiwa na jumla ya kilo 123, nguvu yote ile ya mteremko hugeuka joto. Nilihesabu: yatosha kuchemsha zaidi ya lita mbili za maji baridi. Upepo na matairi huchukua sehemu, lakini mpandaji aendaye polepole huliacha joto karibu lote kwenye breki. Breki za baiskeli peke yake hazifai. Dawa tuliipata Goma. Mmeziona zile chukudu za mbao, ambazo watu wa Kivu ya Kaskazini hubebea viazi na makaa, hata zimejengewa sanamu mjini? Baadhi yake zina kipande cha tairi ambacho dereva hukikandamiza kwa mguu juu ya gurudumu la nyuma. Tukafanya hivyo, ila sisi twavuta kwa waya kutoka kwenye usukani, na vipande viwili hubana magurudumu yote mawili ya tela kwa pamoja. Katika ukavu inashika vizuri. Katika mvua haishiki vema, na siku ya mvua tunashuka kwa miguu.

Nimelala humo usiku saba hadi sasa. Usiku wa kwanza nilifunga turubai pande zote kwa kuogopa baridi, nikaamka blanketi limelowa, nikadhani mvua imeingia, kumbe ni pumzi yangu. Mtu huvuta nje kikombe kizima cha maji usiku mmoja. Sasa kuna tundu juu ya mlango na jingine miguuni, yamefunikwa kwa chandarua.

Karatasi yangu bwana mwalimu aliisoma Jumatatu, akaandika chini yake kwamba tela yaweza kwenda Nyamasheke kiangazi kijacho, si Bugarama, na kwamba rafiki yangu yule ndiye atakayeamua nani aivute. Amekwisha kuamua: mimi nitapanda nayo, yeye atalala ndani. Michoro yote na vipimo viko karakana, kwenye sanduku la randa. Na kaka yetu yeyote mwenye magurudumu ya zamani ya kiti cha wagonjwa asiyatupe, mhimili wake ni mnene na tunaanza kufikiria tela ya tatu.