Mafua na Wenye Misuli Dhaifu

Lugha yetu huyapa maradhi mawili jina moja. Mafua ni zile kamasi za siku tatu zinazopozwa kwa chai ya tangawizi. Mafua vilevile ni influenza, ambayo kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani huua watu baina ya 290,000 na 650,000 kila mwaka. Tunashuku kwamba jina hilo la pamoja limewafanya wengi, wakubwa wa ofisini wakiwemo, waione chanjo ya mafua kuwa ni anasa.

Kwa ndugu zetu wenye maradhi ya kudumu ya misuli na mishipa ya fahamu, si anasa hata kidogo. Yumo mtoto ambaye misuli yake hunyauka mwaka hata mwaka. Yumo mtu mzima mwenye miastenia, ambaye kope humwangukia na sauti humpotea ifikapo jioni. Udhaifu huo hauishii miguuni. Misuli ya kuvuta pumzi na kusukuma kikohozi nayo hulegea, na kohozi ambalo mwenye afya hulitoa mara moja, wao hubaki nalo kifuani hata likazaa kichomi. Mwenye miastenia, homa yenyewe yaweza kumkata pumzi ghafula.

Shirika hilo hilo linashauri kwamba wenye maradhi ya kudumu wachanjwe kila mwaka. Uingereza huwachanja bure. Wako wanaohofu kwamba sindano huleta mafua. Haiwezi, kwani haina kirusi kilicho hai. Ni kweli kwamba mwaka 1976, huko Marekani, chanjo ya mafua ya nguruwe ilihusishwa na ugonjwa wa kupooza, yapata mtu mmoja wa ziada katika kila 100,000. Aliyewahi kupooza hivyo baada ya chanjo na amweleze daktari kwanza.

Hapa Visiwani chanjo hii haimo katika orodha ya zile wapewazo watoto vituoni. Hata hivyo Serikali haitaanza mikono mitupu. Majokofu yapo, masanduku ya baridi yapo, na wauguzi wanaozipeleka chanjo za watoto hadi vijiji vya mbali wapo. Kinachokosekana ni dozi, na orodha ya majina. Masheha wanawajua wagonjwa hao nyumba kwa nyumba, wanaweza kuiandika.

Tena isingojewe mgonjwa aje kituoni. Kumpakia asiyeweza kuketi katika daladala, pengine baada ya mashua, ni mateso matupu. Sindano na imfuate nyumbani, na mama au ndugu anayemlisha achanjwe siku hiyo hiyo.

Liko jambo la wakati. Mchanganyiko wa chanjo hupangwa upya mara mbili kwa mwaka, Februari na Septemba, na kinga huchukua kama wiki mbili kujengeka mwilini. Katika nchi za joto mafua hayana msimu mmoja kama Ulaya. Tunaiomba Wizara ya Afya iamue mapema ni mchanganyiko upi utaagizwa na mwezi gani, kisha iwatangazie wananchi.