Ijara ya Miaka Mingi kwa Mchezaji Ambaye Uwezo Wake Haujathibiti

Katika mlango wa ijara wanavyuoni wameweka masharti ambayo kila mwanafunzi wa fiqhi huyasoma tangu vitabu vya mwanzo: manfaa yajulikane, ujira ujulikane na muda ujulikane. Kuyahifadhi ni jambo jepesi. Ugumu huja linapoletwa tukio lenyewe, na safari hii tumechagua tukio ambalo huenda msomaji hakulitarajia katika kurasa hizi, nalo ni mikataba ya wachezaji wa kulipwa wa hoki ya barafuni katika ligi ya NHL ya Marekani na Kanada. Tumeichagua kwa sababu kiasi chake kinajulikana na matokeo yake yameshaonekana. Wala mchezo huo hauko mbali na Waislamu kama inavyodhaniwa, kwani mwaka 2022 Nazem Kadri, Muislamu mwenye asili ya Lebanon, alilipeleka kombe la ligi hiyo msikitini katika mji wake wa London, jimbo la Ontario. Hukumu ya michezo yenyewe ina mahali pake. Hapa tunazungumzia mkataba tu.

Mwaka 2000 timu ya New York Islanders ilimchagua mlinda mlango kijana, Rick DiPietro, akiwa wa kwanza kabisa kati ya vijana wote waliogawanywa kwa timu mwaka ule. Septemba 2006, akikaribia kutimiza miaka 25, aliandikiwa mkataba wa miaka 15 kwa dola milioni 67.5, yaani milioni 4.5 kila mwaka. Hadi siku hiyo alikuwa amecheza mechi 143 za msimu wa kawaida, na msimu mmoja wakati huo kwa desturi ulikuwa na mechi 82. Misimu miwili ya kwanza ya mkataba alicheza zaidi ya mechi 60 kila msimu. Kisha yakaja majeraha ya nyonga na magoti, na katika misimu mitano iliyofuata alicheza mechi 50 tu kwa jumla.

Mwaka 2013 timu iliamua kuuvunja mkataba. Kwa kanuni za ligi, mchezaji wa umri wake hulipwa theluthi mbili ya kilichobaki, na malipo hayo hugawanywa kwa muda ulio mara mbili ya miaka iliyosalia. Ilikuwa imebaki miaka 8 na dola milioni 36. Theluthi mbili yake ni milioni 24, zikagawanywa kwa miaka 16, ikawa milioni 1.5 kila mwaka hadi 2029.

Mtu anaweza kusema haraka: hii ni gharari, na Mtume (s.a.w.) amekataza biashara ya gharari, kama alivyopokea Muslim kutoka kwa Abu Huraira (r.a.). Tunasema, haraka hiyo haifai. Kila ijara ni mkataba juu ya manfaa ambayo bado hayajapatikana. Ibn Rushd ametaja katika Bidayatul Mujtahid kwamba Al-Asamm na Ibn Ulayya waliikataa ijara yote kwa hoja hiyo hiyo, na akawajibu kuwa manfaa hayo, ijapokuwa hayapo wakati wa mkataba, aghlabu hupatikana. Zingatia neno hilo, aghlabu, maana ndilo litakalotuamulia.

Urefu wa muda peke yake hauna tatizo. Katika Suratul Qasas mzee mwema alikubaliana na Nabii Musa (a.s.) amtumikie miaka minane, na akitimiza kumi ni kwa hiari yake. Lakini tazama kilichotangulia. Binti wa mzee alishamshuhudia kisimani akiwanyweshea wanyama wao, ndipo akamsifu kwa baba yake kuwa ana nguvu na ni mwaminifu. Miaka minane ilikuja baada ya sifa kuonekana, haikuja kabla.

Imam Nawawi katika Minhaj ameeleza kuwa ijara inasihi kwa muda ambao kitu kilichokodiwa hubakia kwa kawaida, akataja na qauli ya kutozidi mwaka mmoja na nyingine ya miaka thelathini. Wafafanuzi wake wakapiga mifano: mnyama wa kupanda miaka kumi, ardhi miaka mia au zaidi. Basi swali letu linakuwa jepesi kuliuliza: je, kwa kawaida nyonga na magoti ya mlinda mlango, anayeshuka na kuinuka juu ya barafu mara nyingi katika kila mechi, hubakia katika kiwango kile kwa miaka 15? Hata kwa aliyethibiti, jibu halina uhakika. Kwa aliyecheza mechi 143 ni kubahatisha.

Hapa inakuja Hadithi ya matunda. Mtume (s.a.w.) amekataza kuuza matunda kabla ya kuonekana usalama wake, na katika riwaya ya Anas (r.a.) ikaelezwa sababu: Mwenyezi Mungu akiyazuia, muuzaji atahalalishaje mali ya ndugu yake? Na katika riwaya ya Jabir (r.a.) kumekatazwa kuuza mavuno ya mtende kwa miaka ya mbele. Hatusemi mtu ni mtende. Aliyeajiriwa nafsi yake kwa muda maalumu hustahiki ujira kwa kujitoa kwa mwajiri wake, hata asipopewa kazi. Lakini akishindwa kujitoa kwa maradhi, asili ya ijara ni kuwa ujira wa muda huo humwangukia. Mikataba ya NHL imegeuza asili hiyo: aliyeumia mchezoni analipwa kamili. Kwa maoni yetu hapo ndipo gharari ilipojificha, si katika kuajiri kwenyewe, kwa kuwa timu imenunua hata miaka ambayo mtumishi hatakuwepo.

Na asidhani msomaji kuwa hasara humfika tajiri peke yake. Mwaka 2016 Nathan MacKinnon wa Colorado Avalanche, kijana wa miaka 20 aliyekuwa amecheza misimu mitatu, alisaini miaka 7 kwa dola milioni 6.3 kwa mwaka. Akawa miongoni mwa wachezaji bora wa ligi nzima, na mwaka 2022 timu yake ikatwaa kombe, naye bado yumo katika bei ya ujana wake. Mkataba uliofuata ulikuwa wa milioni 12.6 kwa mwaka, mara mbili kamili. Huyu alipunjika kwa kile kile kilichomnufaisha DiPietro.

Wenye ligi wenyewe walilitambua hilo, ingawa si kwa kusoma Minhaj. Mwaka 2010 msuluhishi aliubatilisha mkataba wa Ilya Kovalchuk wa miaka 17, ambao ungemfikisha umri wa miaka 44. Makubaliano ya 2013 yakaweka kikomo cha miaka 8 kwa mchezaji anayebaki katika timu yake na 7 kwa anayehama, na yale ya 2025 yakakubali kupunguza hadi 7 na 6. Kijana anayeingia ligi akiwa na miaka 18 hadi 21 hupewa mkataba wa kwanza wa miaka 3 tu.

Kwa hiyo kijana akija kuuliza, tunaona aelekezwe kwenye muda mfupi ambao uwezo na afya yake hujulikana kwa dhana yenye nguvu, kisha ujira utazamwe upya. Ama sharti la kulipwa wakati wa maradhi, likiwekewa kiasi na muda, ni jepesi zaidi kuliko ahadi ya miaka yote, na wenye elimu wana nafasi ya kulichambua. Wallahu a'lam.