Kabla Hujakopa Gari la Kupelekea Mizigo, Soma Hii

Leo siongelei picha nzuri wala namna ya kupata wafuasi. Naongelea kitu kinachokula faida ya wengi wetu kimya kimya: umbali kati ya unapolala na anapolala mteja wako.

Mimi nauza madera na mitandio kwa WhatsApp na Instagram. Nilianza nikiwa nimepanga Sinza, chumba na sebule, kodi 150,000 kwa mwezi. Mzigo nilikuwa nachukua Kariakoo, wateja wengi wako Kijitonyama, Mwenge, Ubungo, Magomeni. Boda wa mtaani kwetu alikuwa ananipelekea mzigo kwa elfu mbili, tatu. Mteja analipa bila maneno.

Baadaye tukahamia kwetu. Kiwanja tulichonunua Kerege, barabara ya kwenda Bagamoyo, tukapandisha nyumba ndogo tukaingia hata plasta haijaisha. Nilishukuru Mungu. Kodi imekwisha, hewa safi, watoto wanacheza. Nikasema sasa ile 150,000 inaingia kwenye mtaji.

Mwezi wa kwanza nilipata oda 60. Zilizofika kwa mteja ni 37. Oda 23 zilikufa pale pale nilipotaja bei ya usafiri. Dera la elfu 25, boda mpaka Sinza elfu 15, nani atakubali? Faida yangu kwa dera moja ni kama 8,000. Piga hesabu: 23 mara 8,000 ni 184,000. Kodi niliyookoa ni 150,000. Yaani nilihama nikapata hasara, na nilikuwa sijui mpaka nilipokaa na daftari.

BODA ALINIFUNGUA MACHO

Siku moja nikabishana bei na kijana wa kijiweni. Nikamwambia, mdogo wangu, mafuta ya kwenda Sinza hayafiki hiyo hela. Akanijibu kwa upole, "Dada, silipishi kwenda tu. Kurudi huku narudi mtupu. Nani atanipanda saa nane mchana kuja Kerege?"

Nilinyamaza. Pale Sinza boda akishusha mzigo wangu, hatua mbili anapata abiria mwingine. Huku kwetu akiingia ndani anatoka peke yake na vumbi lake. Kwa hiyo mimi nalipia safari mbili.

Hapo ndipo utaelewa kwa nini daladala zinapita Tandale na Manzese kila dakika, na huku ndani kwetu hazionekani. Gari la abiria linataka watu walio karibu karibu. Kiwanja cha mita 20 kwa 20 ni mita za mraba 400. Hekta moja ina mita 10,000, kwa hiyo hata usipotoa nafasi ya barabara ni viwanja 25 tu. Vingine vimeota nyasi, vingine vina fensi na mlinzi, mwenyewe yuko mjini. Sasa linganisha na nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita na ukumbi katikati, kila chumba na familia yake. Mtaa mmoja wa namna hiyo unajaza daladala. Kwetu konda angeita mpaka sauti ikauke.

Na sisi tuko wengi tuliofuata barabara hii. Mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002 ulipima Bunju na kwingine pembezoni mwa Dar, na watu wengine wakasogea wenyewe: Boko, Mapinga, Kerege, Zinga, Kiromo, mpaka unaingia Bagamoyo mjini. Kila mtu anataka uwanja wake na geti lake. Sio dhambi, hata mimi nimefanya hivyo. Ila tunanunua kiwanja kwa bei ya kiwanja, na bei ya kutoka pale kila siku hatuiulizi.

WENZETU MAREKANI WALISHAPITA HUKU

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Marekani walijenga hivi hivi, ila wao kwa sheria na pesa nyingi. Mitaa ya nje ya mji, kila familia na nyumba yake na bustani yake. Mwaka 1956 ikapita sheria ya kujenga barabara kuu nchi nzima. Miji mingi ikaweka kanuni kwamba eneo hili ni nyumba ya familia moja tu, ghorofa la kupangisha hapana, duka hapana. Matokeo yake, sehemu nyingi huwezi kununua hata mkate bila gari, na basi likipita linapita tupu. Mwenye kipato kidogo analazimika kuhudumia gari kwanza, mengine baadaye. Leo miji mingine inageuza: Minneapolis ilipitisha mwaka 2018 mpango wa kuruhusu nyumba za familia tatu palipokuwa pa familia moja.

Nayasema haya kwa sababu na mimi nilikaribia kuingia mtego ule ule, tena bila kipato chao.

NILITAKA KUKOPA GARI

Nilishapata taasisi ya mikopo. Kigari kidogo kilichotumika, rejesho 420,000 kwa mwezi, dhamana ni nyumba. Mume wangu akasema tu, "Sawa, ila niandikie hesabu." Nikaandika nikiwa na uhakika nitamshinda.

Oda 60, hata kama zote zingefika, faida ni 480,000. Toa rejesho 420,000. Zimebaki 60,000. Kwenda Kariakoo na kurudi kwangu ni kama kilomita mia, na kwenye foleni kigari kile kingekunywa si chini ya lita nane. Mara tatu kwa wiki, safari 12, lita 96. Zidisha kwa bei ya EWURA ya mwezi huu uone kama 60,000 inatosha. Bado bima, bado maegesho, bado matairi, bado siku fundi anakwambia "kuna kitu kinagonga kwa chini."

Ningekuwa nafanya kazi ya gari, sio gari linafanya kazi yangu. Na miezi mitatu mibaya tu, nyumba inaenda. Nyumba yenyewe ndiyo iliyonifanya nitafute gari! Nikachana fomu.

NILICHOFANYA BADALA YAKE

1. Nilipanga siku. Mzigo unatoka Jumanne na Ijumaa tu. Siku hizo ndizo ninazoenda Kariakoo kununua, kwa hiyo nikienda napeleka, nikirudi nabeba. Nimeandika juu kabisa ya ukurasa wangu: oda zifungwe Jumatatu na Alhamisi saa 12 jioni.

2. Niliacha kupeleka mlangoni, napeleka kwenye vituo. Chagua sehemu ambazo watu wanapita hata bila wewe. Kwangu ni Tegeta Kibaoni na Mwenge. Pale Mwenge kuna fundi cherehani, namlipa 1,000 kwa kila mzigo unaochukuliwa kwake. Na yeye anafurahi maana mteja akija kuchukua dera anaomba lipunguzwe urefu hapo hapo.

3. Niligawa bei. Safari yangu moja, boda ya ndani, daladala na nauli ya furushi, inakula kama 10,000. Kwa mwezi safari tisa, 90,000. Gawa kwa oda 60, kila mzigo 1,500. Weka na 1,000 ya fundi, 2,500. Mteja namtoza 3,000. Anayetaka mlangoni, boda anatokea Mwenge kwa bei ya mjini, sio ya Kerege.

4. Niligeuza uso upande wa pili. Siku zote nilikuwa naangalia Dar, kumbe Bagamoyo iko mgongoni. Mji ule ulikua enzi za misafara, watu wanatembea kwa miguu, ndio maana kule Mji Mkongwe nyumba zimeshikana na vichochoro ni vyembamba. Naingia na furushi asubuhi, nazunguka Dunda mpaka sokoni kwa miguu, wateja kumi nawaona kabla ya adhuhuri. Nauli ya kufikisha mzigo: sifuri. Nilipoanza kuweka stetasi "Bagamoyo napita Jumatano", ndani ya miezi miwili robo ya mauzo yangu ikawa kule.

Mwezi wa nne baada ya kubadilisha, oda zilizokufa kwa ajili ya usafiri zilikuwa sita. Sio sifuri. Yule anayetaka dera la harusi leo leo simpati tena, namwelekeza kwa mwenzangu aliye Sinza, na yeye ananitumia wa Bunju na Tegeta.

NA MWENDOKASI JE?

Wengi wananiambia nisubiri mwendokasi. Ni kweli inasaidia. Awamu ya kwanza, kilomita karibu 21 za Kimara, Kivukoni, Kariakoo na Morocco, ilianza kubeba abiria Mei 2016, kwa mfano ule wa Bogotá ambao wao walianza mwaka 2000. Aliye Kimara anajua tofauti ya njia yake mwenyewe na foleni. Barabara ya Bagamoyo imo kwenye awamu ya nne, mpaka Tegeta.

Tegeta, sio Kerege. Basi kubwa linafuata walipo watu wengi, ni hesabu ile ile ya boda wangu. Kwa hiyo usipange biashara yako kwa basi linalokuja. Panga kwa usafiri unaopita leo, na kituo chako kiweke pale ambapo basi hilo likija litakukuta.

KAMA BADO HUJANUNUA KIWANJA

Dalali atakuonyesha siku ya Jumapili, kwa gari lake, barabara nyeupe. Mwambie ahsante. Halafu rudi peke yako Jumatatu, panda daladala, shuka, tembea kwa miguu mpaka kiwanjani ukiwa na furushi la kilo kumi. Uliza kijiweni bei ya kwenda Mwenge, kisha uliza "na kurudi utapata mtu?" Jibu lake ndilo gharama yako ya kila mwezi, miaka yote utakayoishi pale.

Mimi sijutii nyumba yangu. Usiku huku ni kimya, na hakuna anayebisha hodi tarehe moja. Ninachojutia ni miezi ile niliyolaumu bei za madera wakati hela ilikuwa inamwagika njiani.

Leo jioni kaa na daftari. Hesabu oda zilizokufa mwezi uliopita baada ya kutaja usafiri, zidisha kwa faida yako ya kipande kimoja. Ukiona namba hiyo imepita kodi ya chumba karibu na wateja wako, usikimbilie mkopo wa gari. Tafuta fundi cherehani wako.