Contra Imerudi na Sura Mpya: Piga Demo Kwanza Kabla Utoe Elfu Tano

Kama ulikulia mtaa wenye kuna msee alikuwa na TV game, hii gemu unaijua hata kama jina lilikupita. Majamaa wawili, mmoja suruali ya bluu, mwingine nyekundu, wanakimbia kwenda kulia wakifyatulia kila kitu kinachosonga. Kaseti imeandikwa 9999 in 1, lakini ukihesabu ni gemu chache tu zinajirudia na majina tofauti. Contra haikukosa.

Sasa rada ni hii. Konami walitoa Contra ya kwanza 1987 kwa mashine za arcade, halafu 1988 ikaingia kwa ile mashine ya Nintendo yenye TV game zetu zilikuwa zimekopi. Machi 2024 wakaileta tena kama Contra: Operation Galuga, imejengwa upya na studio ya WayForward. Demo ya bure ilitangulia Februari, ya PlayStation, Xbox, Switch na Steam. Inakupa steji ya kwanza: msitu uleule, maadui walewale, picha za kisasa.

Mbona usumbuke na demo? Kwa sababu gemu kamili ilitoka ikiwa dola 39.99, zaidi ya elfu tano za Kenya, na ni steji nane pekee. Ukishaizoea unaimaliza jioni moja. Hiyo doo inalipa tu kama wewe ni mtu wa kurudia steji mpaka mkono ujue kila risasi inatoka wapi.

Ukianza, kuna vitu vitakushtua. Unaruka mara mbili hewani na unachomoka kwa kasi kukwepa risasi, mambo hayakuwa zamani. Unabeba silaha mbili badala ya moja. Ukiokota ile S tena ukiwa nayo tayari, inapanda levo. Na ukibanwa, kuna kitu inaitwa Overload: unaitoa silaha kafara, unapata nguvu ya muda mfupi. Mi naona hapa ndio walifikiria vizuri, juu sasa kuna uamuzi wa kufanya, si kushikilia batani tu.

Lakini kuna moja itakugawanya na marafiki. Zamani risasi moja ilikuwa kifo. Hapa unaweza kucheza na afya, yaani unagongwa na bado uko. Inasaidia mgeni, sawa, lakini inaficha kama mkono wako bado uko fiti. Kwa hivyo jiwekee sheria yako: ukiguswa mara moja tu, anza steji upya. Jaribu mara kumi hivyo. Kama mara ya kumi bado una hamu, hiyo gemu ni yako. Kama umechoka ya tatu, ulikuwa umemiss utoto, na hiyo haiuzwi Steam.

Halafu tafuta mtu wa pili. Contra ya peke yako ni nusu. Kwa ile ya zamani, mwenzako akiishiwa laifu alikuwa anabonyeza A na kuchukua yako, bila hata kuomba. Na kwa steji ya maporomoko ya maji, mwenye haraka akipanda, skrini inapanda naye, wewe wa chini unakufa. Urafiki mwingi uliingia doa hapo. Kaeni wawili kwa kochi muone kama bado mnapigiana kelele. Hiyo ndio testi ya ukweli, kushinda trela yoyote.

Angalia pia mashine yako. Gemu kama hii ikikwama hata kidogo, unakufa na si makosa yako. Demo ikisota kwa laptop yako, kulipa hakutaifanya ikimbie.

Na kama baada ya yote hizi picha mpya hazikubambi, usilazimishe. Kuna Contra Anniversary Collection ya 2019, iko na ile ya arcade na ya 1988 bila kubadilishwa. Ile kodi bado inashika: juu juu, chini chini, kushoto kulia, kushoto kulia, B, A, halafu Start. Laifu 30. Pedi ya pili mpe ule msee alikuwa anakuibia.