Springi au Tairi?

Je, baiskeli ya kupita mashimo na mchanga wa Msasani yahitaji springi mbele na nyuma? Gurudumu likiingia shimoni, springi hupokea mshtuko, na shokomzoba hugeuza nishati yake kuwa joto ili baiskeli isirukeruke. Lakini mchangani springi haizuii tairi kuzama. Uzito wa mtu na baiskeli ukiwa niutoni 800, tairi zenye kanieneo ya niutoni 40 kwa sentimita mraba hugusa ardhi kwa takriban sentimita mraba 20. Upepo ukipunguzwa kwa nusu, eneo hilo hufikia 40. Tairi jembamba likilegezwa hivyo, rimu hugonga mawe. Tairi pana hustahimili. Basi anayeboresha baiskeli, ikiwa fremu ina nafasi, aanze na tairi pana, springi zifuate.